Hausingi, voucha na lo-inkamu sio kitu kimoja: nyumba za bei nafuu zinavyopatikana (na zinavyopotea) hapa Lewiston

Jumamosi moja mwezi wa pili, theluji imejaa mpaka kwenye ngazi, mama mmoja tunayeishi naye jengo moja aligonga mlango akiwa na mfuko wa plastiki umejaa barua. Barua za karibu mwaka mzima. Mama huyu katoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kama mimi, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, Kifaransa anasoma kidogo, Kiingereza bado, kwa hiyo kila bahasha yenye kile kialama cha kinyumba kidogo pembeni alikuwa anaitia kwenye mfuko akijua ipo siku atapata wa kumsomea. Tukazimwaga mezani, tukaanza kuchambua, matangazo huku, bili huku. Iliyokuwa muhimu kuliko zote ilikuwa na sentensi nne tu. Inamuuliza kama bado anataka kubaki kwenye listi ya voucha (karatasi ya serikali ya kusaidiwa kulipa kodi ya nyumba), na asipojibu kabla ya tarehe iliyoandikwa jina lake litaondolewa. Tarehe ilishapita miezi mitatu, na kwenye listi ile alikuwa amekaa miaka mitatu kasoro. Barua ilikuwa imeenda anwani ya zamani, ikazunguka, aliyehamia pale ndo akamletea mkononi.

Akaniuliza, "Mwanangu, lakini mimi si niliandikishwa hausingi? Si bado nipo?"

Swali hilo ndo limenifanya nikae niandike, kwa sababu nalisikia kanisani, nalisikia kwenye basi, nalisikia kwa watu wenye digrii zao kabisa. Sisi tunasema "hausingi" kama vile ni ofisi moja, listi moja, ukishaandika jina umemaliza, unangoja zamu yako kama foleni ya rasheni kule kambini. Kumbe ni milango mitatu tofauti, kila mmoja una mwenyewe, una listi yake, una hesabu yake ya kodi, na hata swali la makaratasi ya uhamiaji linaulizwa tofauti. Ukiandikwa kwenye mmoja, ile miwili mingine haikujui kabisa.

Kwanza mji wenyewe. Lewiston ni mji wa pili kwa ukubwa jimbo la Maine, Marekani, lakini usije ukafikiri ni mkubwa, sensa ya 2020 ilihesabu watu 37,121. Ukivuka daraja la Longley juu ya mto Androscoggin umeshafika Auburn, mji mwingine, meya mwingine, na ofisi nyingine ya hausingi (hilo la ofisi nyingine lishike, nitalirudia). Mji ulikuzwa na viwanda vya nguo, Wafaransa wa Kanada wakashuka kutoka Quebec kuja kufanya kazi, na yale majengo ya mbao ya ghorofa tatu nne yenye veranda nyuma, tunayokaa sisi leo, yalijengwa kwa ajili yao. Viwanda vikafa. Kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kuja, baadaye tukafuata Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waangola, watu wa Djibouti. Yaani nyumba ni zilezile za zamani, nyingi zina zaidi ya miaka mia, na tunaozigombania tunaongezeka.

Sasa kwa nini haziwatoshi watu hata kama serikali inasaidia? Hapa kuna jambo moja ambalo likikuingia kichwani mengine yote yanakuwa rahisi. Fudistempu, ule msaada wa chakula, ukistahili unapewa. Bima ya afya ya MaineCare ukistahili unapewa. Nyumba sio hivyo. Msaada wa nyumba Marekani haukuwekwa kwenye sheria kuwa ni haki ya kila anayestahili, Bunge linatenga fungu kila mwaka, fungu likiisha ndo basi, wengine wanangoja. Nchi nzima, kati ya familia 4 zinazostahili msaada wa kodi kwa kipato chao, inayopata ni kama 1 tu. Kwa hiyo kujibiwa "unastahili" hakumaanishi "umepata". Nimeona watu wamepiga vigelegele kwa barua ya kustahili, wakaanza kuaga majirani, na kumbe ile barua ilikuwa inawaambia karibu kwenye foleni.

Mlango wa kwanza ni hausingi yenyewe, majengo ambayo ofisi ya hausingi ya mji ndo mwenye nyumba. Huu ni wa zamani kuliko yote, unatokana na sheria ya 1937 wakati wa Rais Roosevelt. Hapa Lewiston familia nyingi zinaujua kwa jina la Hillview. Kodi yake ndo ile watu wanaipenda: unalipa kama asilimia 30 ya kipato chako baada ya makato, kipato kikishuka kodi inashuka, kikipanda inapanda. Uzuri mkubwa uko hapo. Ubaya ni kwamba haya majengo hayaongezeki. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria, na ndani yake kuna kipengele kinaitwa Faircloth, kinachosema hela ya serikali kuu haitatumika kuendeshea nyumba za hausingi kupita idadi ambayo kila ofisi ilikuwa nayo tarehe 1 Oktoba 1999. Fikiria hiyo tarehe. Wakati wengi wetu tulikuwa watoto kambini au hata hatujazaliwa, hesabu ya nyumba za hausingi ilishafungwa. Afu miji midogo kama hii ilipenda kujenga hausingi za wazee na walemavu, magorofa yenye vyumba vya kulala kimoja kimoja, kwa hiyo ukiwa na watoto sita, jengo linaweza kuwa na nafasi na bado halikufai wewe.

Mlango wa pili ni voucha, ndo hiyo Section 8. Jina linatoka kwenye kifungu cha 8 cha ile sheria ya 1937, ila msaada wenyewe ulianza 1974. Hapa ofisi haikupi nyumba. Inakupa karatasi inayosema, nenda katafute nyumba kwa mtu binafsi, sisi tutamlipa sehemu ya kodi moja kwa moja, wewe utalipa iliyobaki. Ukihama na masharti ukayafuata, voucha inahama na wewe. Kuna aina nyingine ambayo jina linafanana ila tabia tofauti, Section 8 ya jengo: pale msaada umefungwa kwenye apatimenti, ukitoka unauacha hapohapo ukutani, anakuja mwingine. Watu wawili wanaweza kukaa wakibishana kwenye baraza kila mmoja anasema "mimi nina section 8 na najua", wote wanasema kweli, ila sio kitu kimoja.

Mlango wa tatu sisi tunauita lo-inkamu, na kwenye makaratasi utaona herufi LIHTC. Huu ulianza 1986. Serikali haimsaidii mpangaji, inampunguzia kodi ya mapato anayejenga, na yeye kwa malipo hayo anakubali kuzuia bei ya upangaji isipite kiwango fulani kwa miaka mingi. (Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa, kodi ya nyumba na kodi ya serikali vyote tunaita kodi, nitajitahidi kutofautisha.) Majengo mapya mengi ya bei nafuu unayoona yanapanda mjini ni ya aina hii au yamechanganywa. Na kikubwa cha kukijua: bei yake haifuati mshahara wako wewe, inafuata kipato cha kati cha eneo. Tuseme jengo ni la watu wa chini ya asilimia 60 ya kipato cha kati, na kiwango hicho kwa ukubwa ule wa nyumba ni dola 54,000 kwa mwaka. Asilimia 30 yake ni 16,200, gawa kwa miezi 12, unapata dola 1,350, ndo dari ya kodi ukijumlisha na umeme na joto. Ukipata 50,000 unalipa hiyohiyo, ukipata 22,000 unalipa hiyohiyo. Ukipunguzwa masaa kazini, bei haishuki. Nimeona familia imehamia kwa furaha ikidhani "lo-inkamu" maana yake kodi itawafuata wao, baba akaumia mgongo kazini, miezi miwili wakawa wanadaiwa. Ni nyumba nzuri, safi, na bei ni afadhali kuliko mtaani, ila ni ya mtu mwenye mshahara unaosimama. Isipokuwa ukiwa na voucha. Hapo ndo watu wengi hawajui: mwenye jengo la lo-inkamu haruhusiwi kukukataa eti kwa sababu tu unakuja na voucha. Kwa hiyo voucha na lo-inkamu vinaweza kukaa pamoja, voucha inalipa sehemu, wewe unabaki na asilimia yako.

Hesabu ya voucha nayo tuifanye hapa kwenye karatasi, maana watu wanaogopa namba bure. Tuseme mama ana watoto watatu, anafanya kazi, analipwa dola 2,400 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa mwaka ni 28,800. Kila mtoto kwa miaka mingi amekuwa anapunguza dola 480 kwa mwaka kwenye hesabu, watatu ni 1,440. Inabaki 27,360, gawa kwa 12 ni 2,280, asilimia 30 yake ni dola 684. Hiyo ndo sehemu yake. Akipata nyumba ya 1,600 na kila kitu ndani, ofisi inalipa 916. Sasa ngoja, hapa kwetu baridi ndo inapoharibu hesabu. Akipata nyumba ya 1,400 isiyo na joto, joto analipa mwenyewe, asikimbilie kusema ni rahisi zaidi. Ofisi itakadiria gharama ya joto na umeme, tuseme 250, jumla inakuwa 1,650. Kama kiwango chao cha juu kwa nyumba ya ukubwa ule ni 1,600, zile 50 zilizozidi ni zake juu ya 684, jumla 734. Na kuna ukuta mwingine: wakati wa kuingia nyumba mpya kwa bei iliyopita kiwango, hawakuruhusu sehemu yako ipite asilimia 40 ya kipato chako kilichorekebishwa, kwa mama huyu ni dola 912. Ikipita, watamkatalia nyumba hata kama yeye na mwenye nyumba wameshakubaliana. Kwa hiyo kabla hujapenda jiko na madirisha, uliza swali moja: joto analipa nani, na ni mafuta, gesi au umeme? Tenki la mafuta la chini kule linaweza kukumaliza Januari moja tu. Msaada wa joto, ule wa HEAP, upo, ila nao unaombwa, na unaombwa mapema kabla baridi haijafika.

Makaratasi. Hili naliandika polepole kwa sababu linaumiza. Hausingi na voucha zinauliza hadhi ya uhamiaji. Raia, mwenye grinikadi, mkimbizi aliyeletwa na serikali, aliyeshinda asailamu (kesi ya kuomba hifadhi), hawa wanastahili. Anayengoja asailamu, hata akiwa na kibali cha kazi, hata akiwa analipa kodi ya serikali kila wiki kwenye hundi yake, bado hastahili mpaka kesi iamuliwe. Mwaka 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walilala kwenye vitanda vya turubai kwenye ukumbi wa michezo wa Expo kule Portland, na Portland iko maili kama 35 tu kutoka hapa. Watu wengi wa kundi lile na waliofuata wako mjini humu leo, wanafanya kazi kwenye nyumba za wazee na maghala, na milango miwili kati ya mitatu imefungwa kwao. Wa tatu, lo-inkamu, sheria yake ya serikali kuu haina sharti hilo la uhamiaji. Jengo litaangalia kipato, krediti (rekodi yako ya kulipa madeni), historia ya upangaji, na masharti yake mengine, kwa hiyo usikae nyumbani ukisema "sisi hatuna karatasi" bila kuuliza.

Kwa familia iliyochanganyika, wengine wanastahili na mmoja hastahili, msaada haukatwi wote, unakatwa kwa mgawo. Watu watano, wanne wanastahili: ile 916 inakuwa nne ya tano yake, kama 733, na familia inalipa 867 badala ya 684. Asiyestahili anaandika tu kwamba hadai msaada. Usimfiche mtu, usimwandike kama hayupo, maana hilo ndo linageuka kesi ya udanganyifu na linawatoa wote.

Kwa anayengoja asailamu kuna mlango mwingine wa pembeni, General Assistance, GA, unaombwa jengo la manispaa pale Pine Street. Hiyo sio hela ya HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, ni mpango wa jimbo unaoendeshwa na mji, jimbo linarudishia mji asilimia 70. Sheria ya Maine ya 2015 iliwaruhusu waomba hifadhi kuupata mpaka miezi 24. Hela haikupiti mkononi, inaandikwa kwa mwenye nyumba. Ni msaada wa dharura, masharti yake yanabadilishwabadilishwa, na unarudi kuomba tena na tena na stakabadhi zako zote. Usiufananishe na voucha.

Turudi kwenye listi. Ofisi ya hausingi ya Lewiston ina listi zake, Auburn ina zake, na kwa voucha kuna listi ya pamoja ya jimbo ambayo ofisi nyingi za Maine zinachota majina humo. Majengo ya lo-inkamu na yale ya Section 8 ya jengo kila moja lina listi yake kwenye ofisi ya msimamizi wake, lazima uende au upige simu moja moja. Kuomba ni bure. Mtu akikwambia umpe dola 50 akuingize kwenye listi, huyo ni mwizi, hata kama anaongea lugha yako na anakuita ndugu. Na listi haiendi kwa tarehe peke yake, kuna vipaumbele: ofisi inaweza kuwatanguliza wanaoishi au kufanya kazi mjini, wazee na walemavu, wasio na makazi, waliokimbia kupigwa nyumbani. Pia kwa voucha, robo tatu ya wanaoingizwa wapya kila mwaka lazima wawe wenye kipato cha chini kabisa. Ndo maana unaweza kuona mtu aliyekuja juzi kapata na wewe wa zamani bado, watu wanaanza maneno ya rushwa na ukabila, na kumbe yeye fomu yake ilisema ukweli wote na wewe kwenye ile ya kwako mtu aliyekujazia aliruka maswali. Hali yako ikibadilika ukiwa kwenye listi, mtoto kazaliwa, umeumwa, umehamishwa, waandikie.

Na anwani. Narudia anwani mpaka mnichoke. Ukihama nyumba usibadilishe posta peke yake, peleka anwani mpya kwa kila listi, kwa maandishi, na ubaki na kopi yenye tarehe. Posta hupeleka barua anwani mpya kwa muda tu, na baadhi ya bahasha za serikali hazisafirishwi kabisa, zinarudi kwa aliyezituma. Wao wakiona imerudi, jina linatoka. Ukitolewa au ukikataliwa, barua huwa na kipande cha mwisho kinachosema una haki ya kuomba wakupitie upya na siku ngapi umepewa. Wengi hawafiki kwenye hicho kipande kwa sababu mstari wa kwanza umeshawavunja moyo. Omba. Omba pia mkalimani bila kulipa, sio lazima mtoto wako wa darasa la sita ndo akusomee mambo ya kufukuzwa nyumba. Pine Tree Legal wanasaidia kisheria bure kwa wenye kipato kidogo.

Siku ya voucha ikifika, kazi ndo inaanza. Unapewa angalau siku 60 za kutafuta. Siku 60 katika mji huu, na wewe unataka vyumba vinne, ni kama mchezo wa mbio. Ukiona muda unakwisha, omba kuongezewa kwa maandishi kabla haujaisha, sio baada. Dipoziti voucha hailipi, na Maine mwenye nyumba anaweza kutaka mpaka kodi ya miezi miwili, kwa hiyo anza kuweka akiba ungali kwenye foleni.

Afu nyumba inakaguliwa, na hapa majengo yetu ya zamani yanashindwa. Yote yaliyojengwa kabla ya 1978 yanadhaniwa yana rangi yenye risasi (ile madini yenye sumu, sio ya bunduki), na kama familia ina mtoto chini ya miaka sita rangi inayobanduka haiwezi kupita ukaguzi. Mimi nilipokuwa natafuta niliingia apatimenti moja ghorofa ya tatu, kubwa, jua linaingia vizuri, nikaipenda. Nikainua dirisha la chumba cha watoto, chini ya fremu kulikuwa na unga mweupe na vipande vidogo vya rangi kama maganda ya yai, na kila ukifungua na kufunga unga unaongezeka. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na nusu, umri wa kutia kila kitu mdomoni. Lewiston imekuwa na shida kubwa ya watoto wenye risasi kwenye damu, ni suala la ubongo wa mtoto, halirudi nyuma. Nikaondoka. Nyumba iliyofuata mwenyewe alikubali voucha, akakubali ukaguzi, ikapita, siku ya kusaini akaniambia pembeni nimuongezee dola 150 kila mwezi mkononi, nje ya mkataba. Nilikuwa nimebakiza siku tisa. Nilikataa, na nasema wazi nilikataa kwa hofu zaidi kuliko ushujaa, kwa sababu malipo ya pembeni hayaruhusiwi na mpangaji akijulikana amelipa anaweza kuponzeka na yeye. Nikaomba kuongezewa muda, nikapewa.

Mji ulipata hela ya kubadilisha mtaa huu wa miti, tunaouita Tree Streets kwa sababu barabara zina majina ya miti, Birch, Walnut, Pine, Spruce. Mwaka 2021 HUD iliipa Lewiston dola milioni 30 za kujenga nyumba mpya na kubadilisha za zamani, na kwa mji mdogo hiyo ni hela nyingi sana. Ukiona jengo jipya linapanda, usingoje limalizike ndo uulize. Listi hufunguliwa kabla ya funguo, na tangazo huwa siku chache.

Jambo la wageni nalo lazima tuliseme, kwa sababu ndo linalowatoa watu wetu kwenye nyumba walizozingoja miaka. Mdogo wako anafika kutoka kambini, au mtoto wa shangazi anatoka Texas kutafuta kazi, utamwambia akalale wapi? Kwetu hakuna kitu kama hicho. Lakini mkataba unasema waliomo ni hawa na hawa, na mgeni ana siku zake, soma mkataba wako siku ngapi. Akizidi, anahesabika anaishi pale bila kuandikwa, na kipato chake kinahesabika umekificha. Suluhisho sio kumfukuza ndugu. Ni kwenda ofisini mapema, kuomba aongezwe au kueleza ni mgeni wa mpaka lini, kwa maandishi. Hivyohivyo ukipata kazi mpya au ukipoteza, sema. Wengi wanaogopa kusema wamepoteza kazi, wanaendelea kulipa kodi ya mshahara ambao haupo, wanakopa kikundini, na ofisi ingewashushia sehemu yao kama ingejua.

Na wale wanaotaka kuhama na voucha kwenda Iowa au Ohio walipo ndugu: inawezekana, inaitwa kuipoti voucha, ila kama ulipoomba hukuwa mkazi wa eneo la ofisi iliyokupa, wanaweza kukutaka ukae kwao mwaka mmoja kwanza. Na usivunje mkataba, usihame usiku, uliza kwanza huko unakokwenda viwango vyao vikoje.

Yule mama tulimwandikia barua ya kuomba arudishwe, tukaambatanisha bahasha yenyewe yenye muhuri wa anwani ya zamani. Jibu bado. Wakati tunangoja tumemwandikisha kwenye listi ya hausingi Lewiston na majengo mawili ya lo-inkamu ambayo mshahara wake wa hotelini na wa binti yake mkubwa ukiunganishwa unatosha. Kwenye daftari la shule la mwanae tumechora safu nne: jina la ofisi, tarehe tuliyoomba, namba ya simu, mara ya mwisho tuliyopiga. Jumatatu ana ofu, tunavuka daraja kwenda Auburn.